Marehemu Alifungua Mlango

Jumamosi moja mchana, waumini wa kanisa la Wakenya walifika kwa Cheruiyot na mkewe Gakii, huko Lewisville, Texas, kuomboleza kifo cha mama yake Cheruiyot, na aliyewafungulia mlango alikuwa marehemu mwenyewe.

Alikuwa amejifunga leso kiunoni, miguuni amevaa soksi za mjukuu wake zenye picha za mananasi, mkononi ana kikombe cha maziwa lala. Aliwatazama mmoja mmoja. Mbele kabisa alisimama Shiru, mwenyekiti wa akina mama, amekumbatia chupa kubwa ya chai. Nyuma yake kulikuwa na pasta, watu wenye trei za pilau, wengine wenye katoni za soda na viti vya kukunja, na mama mmoja aliyeanza kulia tangu kwenye maegesho ya magari, ambaye sasa hakujua machozi yale ayapeleke wapi.

"Karibuni," alisema Kogo Tabutany. "Nani amekufa?"

Shiru alifungua mdomo ukabaki wazi. Pasta, ambaye kazi yake ni kutokosa la kusema, alisema Mungu ni mwema, na wengine wakaitikia kwa mazoea tu. Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, akawapisha waingie, kwa sababu nje kulikuwa na jua kali na nyumba yake haikuzoea kufukuza wageni.

Sasa, msiba huu ulitoka wapi? Siku iliyotangulia, muumini mmoja aliwaona Cheruiyot na Gakii wakitoka kwenye ofisi ya makaburi nje kidogo ya mji, Gakii macho mekundu, mumewe amemshika bega. Mtu mwingine angesimamisha gari akauliza kuna nini. Yeye alimpigia Shiru. Na Shiru, ambaye hajawahi kuchelewa kwenye msiba tangu atue Marekani, alifungua kikundi cha WhatsApp papo hapo, akakata picha ya Kogo ya Krismasi, akaiwekea mshumaa pembeni. Kufikia jioni kulikuwa na kamati ya kusafirisha mwili, na mwili wenyewe uko sebuleni unatazama mieleka kwenye televisheni. Watu wa nyumba hiyo hawakujua lolote. Wafiwa hawaongezwi kwenye kikundi cha msiba wao. Wafiwa huachwa walie kwa amani, wenzao wakipanga.

Gakii alitoka chumbani na nguo zake za kazi za unesi, akakuta sebule imejaa watu waliovaa nyeusi. Alipoelezwa, alitamani sakafu ipasuke. Kogo yeye alikuwa ameshapakuliwa sahani. Alikula pilau ya matanga yake kwa utulivu, akasema ni tamu ila waliompikia walibania chumvi. Watu wakacheka, wakapumua, wakaanza kula nao. Ingekuwa imeishia hapo, lakini Shiru hakuwa mtu wa kurudi nyumbani na swali tumboni.

"Lakini, Kogo, kule makaburini watoto walikuwa wanatafuta nini?"

"Walinipeleka kulipia pahali pangu, wakatoka mimi nikabaki ndani natia sahihi," alisema Kogo, akifuta vidole. "Niliuza ng'ombe wangu, nikaongeza bonasi ya majani chai. Ni pazuri. Panaonekana kutoka barabarani."

Vijiko vikasimama.

"Pahali pako pa kuzikwa?" Shiru aliuliza. "Hapa Texas?"

"Kwani mimi naishi wapi?"

"Na mzee wako aliyezikwa kule Kericho? Atalala peke yake?"

"Yule alifanya kazi ya reli akiniacha na watoto mpaka meno yao yakaota na kung'oka," alisema Kogo. "Sasa ni zamu yake kungoja."

Baadhi ya wanaume walicheka kidogo, wakajizuia. Akina mama hawakucheka. Wala hawakumtazama Kogo. Walimgeukia Gakii, aliyekuwa amesimama na trei ya vikombe, Mmeru aliyeolewa kwa Wakalenjin, na kila mmoja akamalizia hesabu yake kichwani. Mama mzee haamui jambo kama hilo mwenyewe. Kuna mtu amemchoka.

*

Kanisani kwao kila familia ina zamu ya kupikia waumini chai na vitafunio baada ya ibada. Zamu ya Gakii ilikuwa Jumapili ya kesho yake, na alikuwa ameshasukuma chapati zake na kuzipanga kwenye bakuli. Alipofika jikoni alikuta Shiru amekwisha kuwasha jiko. Shiru alimpokea bakuli kwa heshima zote, akamwambia apumzike, ana mambo mengi siku hizi. Chapati zikawekwa juu ya friji na huko zikabaki. Watu walikula mandazi ya dukani.

Ukiwa hujaishi na watu wako ugenini unaweza kudhani hili ni jambo dogo. Lile jiko la kanisa ndipo pahali pekee katika jimbo zima ambapo Gakii huitwa mama fulani. Kazini yeye ni nesi, dukani ni mteja, barabarani ni mtu mwenye gari lenye kioo kilichopasuka. Pale jikoni huwa ni mtu. Siku hiyo kila alipoingia mazungumzo yalikatika, akitoka yakaunganishwa. Mwanamke mmoja alimuuliza, kwa tabasamu, kama mamake wa Meru naye ameshamtafutia pahali au bado. Jioni mamake huyohuyo wa Meru akapiga simu. Habari zilishavuka bahari. Alitaka kujua bintiye amewafanyia nini watu wa Kericho mpaka aimbwe hivyo.

Gakii hakumwambia mtu. Alimeza. Alikwenda kazini, akageuza wagonjwa, akarudi, akapika.

Na Kogo? Kogo alikuwa bukheri. Pasta alikuja kumshauri, akamsikiliza kwa adabu, akamfungia maparachichi ya kwenda nayo. Wazee wa Kikalenjin walimpigia mmoja mmoja kumkumbusha desturi, naye akawauliza habari za magoti yao. Akina mama walimwambia kununua kaburi na bado anapumua ni kujiitia kifo. Akawajibu kwamba amenunua pia tiketi ya kwenda kuona farasi Fort Worth, na hajawa farasi. Jumapili aliketi kiti cha mbele kabisa, kitambaa chake cha kijani kichwani, akaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Maneno yalikuwa yanaingia sikio hili na kutokea lile, na njiani hayasimami hata kuomba maji.

Cheruiyot alilichukulia kama mchezo. Ni mtu mpole, wa kucheka haraka, na kucheka haraka kuna wakati huwa ni uvivu. Anafanya kazi ya hesabu kwenye kampuni moja huko Plano, ofisi yenye Wajapani wengi, na meza ya jirani yake anakaa mzee mmoja anayeitwa Okuda. Wakati wa chakula cha mchana alimsimulia vituko vya mamake, jinsi kanisa zima linavyomsema na yeye haguswi hata unywele. Okuda alitabasamu, akamwambia kwamba kwao Japani mtu wa namna hiyo wanamwita maji kwenye uso wa chura. Unamwagia, unamwagia, yeye anakutazama tu na yale macho yake makubwa.

Cheruiyot alicheka njia nzima ya kurudi. Walipoketi mezani kula hakuweza kungoja hata ugali ukatwe. Aliisimulia akaigiza na macho. Kogo alipenda sana. Alicheka mpaka akashika mbavu, akataka kujua kama huyo Mjapani ameoa, na akasema chura ni mnyama mwenye akili, hana deni na mtu. Hata Celestine, binti yao wa miaka kumi na mitano ambaye kila kitu hujibu kwa Kiingereza na kwa neno moja, alitoa spika za masikioni akacheka.

Gakii hakucheka. Alikuwa ameshika mwiko.

"Mama," alisema, "yale maji yakimwagwa hayapotei. Yakitoka kwako yanateremka. Yananiangukia mimi."

Cheruiyot alibaki amekodoa macho yake ya chura.

"Wewe hayakuingii, na mimi nafurahi hayakuingii," Gakii aliendelea. "Lakini anayelowa ni mimi. Kila siku. Na hapa mezani mnacheka."

"Wanakusema wewe?" Kogo aliuliza.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hakuwa anajua. Kogo hakuwa kiziwi; alisikia kila neno lililosemwa, lakini alidhani yote ni yake, na kusemwa yeye hakumnyimi usingizi. Kwa hiyo Gakii akamwambia. Alimwambia habari za chapati juu ya friji. Alimwambia wanavyosema kwamba mkaza mwana anakwepa gharama ya kusafirisha mwili, kwamba amemtia mama mzee maneno, kwamba alilia makaburini ili aonekane. Kwamba sasa wanamngojea tu amuue kabisa ili kaburi lisikae bure. Alisema yote bila kupumzika, akaweka mwiko kwenye sinki, akaenda kulala bila kula.

Kogo alikaa mezani muda mrefu. Cheruiyot alijaribu kumtania. Mama akamwambia, pole pole, kwamba yeye ni mume na ana masikio mawili yenye afya, na alikuwa anayafanyia kazi gani. Cheruiyot akaanza kukusanya sahani.

*

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Kiplagat aliingia kutoka Sugar Land. Ni kaka mkubwa wa Cheruiyot, mtu wa suti, msimamizi wa zamu katika hospitali moja huko Houston, na ana sauti ya mtu aliyezoea kukuta wengine wamechelewa. Alikuwa amepigiwa simu na kila Mkenya wa Houston mwenye namba yake. Wengine walimpa pole kwa kufiwa na mama, na ikabidi awaambie yu hai, kisha wakamuuliza kwa nini basi anaachwa azikwe kama mtu asiye na watu. Aliendesha gari kutoka kusini mpaka Lewisville akiyatafuna hayo.

Hakukubali hata chai. Alisema amekuja kumchukua mama. Chumba kiko tayari. Lile kaburi lirudishwe kwa wenyewe, na Mungu akimwita, atasafirishwa hadi Kericho alale kando ya mumewe kama mwanamke yeyote mwenye wana.

Cheruiyot alianza kusema kitu, akakosa mwisho wake. Gakii alisimama karibu na mlango wa jikoni. Usoni hakuonyesha lolote, lakini moyoni alihisi nafuu. Mama akienda, maneno yataenda naye. Atarudishiwa zamu yake ya chai. Mara tu wazo hilo lilipompitia, alijionea aibu hata akatazama chini.

"Sikulaumu, shemeji," Kiplagat alimwambia, na kila anayesema hivyo huwa analaumu. "Pengine huko kwenu Meru mna utaratibu wenu. Lakini huyu ni mama yetu. Mambo ya kwetu hukuyajua, na ungeuliza."

Kogo alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono mapajani. Kwa siku zote zile hakuna aliyekuwa amemwona amekasirika. Sasa walimwona.

"Kiplagat," alisema. "Kaburi la baba yako liko upande gani wa nyumba?"

"Mama, hayo..."

"Nimekuuliza."

Kiplagat alifikiri. "Nyuma. Karibu na majani chai."

"Ni mbele. Ukitoka mlangoni, mkono wa kushoto. Wewe uliona nyuma kwa sababu kijana aliyeshika simu alisimama upande huo."

Mwaka ule baba yao alipofariki, yeye na mdogo wake walikuwa hawajapata makaratasi. Wangetoka Marekani wasingeweza kurudi. Kwa hiyo walivaa suti, wakamzika baba yao wakiwa wamekaa, mmoja Sugar Land, mwingine Lewisville, kila mmoja na simu yake imeegemezwa kwenye kikombe, picha ikikatika na kurudi. Ni jambo ambalo ndugu hao wawili hawajawahi kulizungumza.

"Sikulaumu," Kogo alisema, na yeye kweli hakuwa analaumu. "Serikali ya watu ilikufungia. Lakini mmoja alikuwa na makaratasi, na ni huyu Mmeru. Aliacha mtoto mdogo hapa akaja. Tulilala naye kitanda kimoja mpaka matanga yakaisha. Walipoita wana watupe udongo, yeye ndiye alitoka. Alitupa mara tatu. Wake, na wa Cheruiyot, na wako. Uliona hayo kwenye simu?"

Kiplagat alitikisa kichwa. Hakuwa ameona. Picha ilikuwa imekatika.

"Na siku ile ya makaburi, hapa, unajua alikuwa analilia nini? Alikuwa ananikataza. Aliniomba mpaka akapiga magoti mbele ya yule mzungu wa ofisini, mzungu akaleta maji. Alisema, Mama, watanisema. Mimi nikamwambia watasema watachoka. Sikujua kuna wengine hawawezi kungoja watu wachoke."

Alipoendelea sauti ilikuwa imeshuka.

"Kericho nyumba imefungwa. Kijana wa kuangalia mlango ananiita kwa simu kuomba vocha. Nikilala huko nani atakuja? Nilitaka kulala mahali ambapo huyu, akitoka kazini, atapinda gari kidogo aniambie Celestine amefanyaje kwenye mtihani. Basi. Hiyo tu ndiyo sababu. Lakini siwezi kununua starehe yangu kwa jina la mtoto wa watu." Alimgeukia Cheruiyot. "Kesho mpigie yule mzungu. Mwambie nimerudisha. Kiplagat, nitaenda na wewe Sugar Land, na nikifa mnipeleke mnakotaka. Ila kabla hatujatoka utapita kwa huyo Shiru umwambie nani alitupa udongo wako."

Cheruiyot alikuwa analia bila sauti, mtu mzima, na hakujificha. Celestine alikuwa amekaa kwenye ngazi. Hakuna aliyejua ameelewa kiasi gani cha Kiswahili kile, mpaka waliposikia anapenga kamasi.

Kiplagat alisimama. Alisema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba atapita kwa Shiru, na kwamba shemeji amsamehe. Akatoa funguo za gari mfukoni. Akamuuliza mama begi lake liko wapi.

"Halifungwi begi," alisema Gakii.

Walimgeukia.

"Mama haendi. Na kaburi halirudishwi."

"Shemeji," Kiplagat alisema, sasa kwa upole wa kweli, "mimi nitawaambia ukweli, lakini unawajua watu wetu. Hata nikiwaambia, watakusema."

"Watasema," Gakii alikubali.

Alisema hivyo na mwenyewe akashangaa kwamba neno hilo halikumchoma. Alilijaribu tena moyoni, watasema, kama mtu anayejaribu jino lililokuwa linauma. Halikuuma. Siku zote zile alidhani anachotaka ni akina mama wa jikoni wamwamini. Kumbe alichokuwa anangojea ni mtu mmoja tu ndani ya nyumba hii aseme kwa sauti kwamba alimwona.

Simu yake ikaita. Ilikuwa Shiru. Bila shaka mtu alikuwa ameshaliona gari la Sugar Land nje na kupeleka taarifa. Gakii aliipokea, akaiweka sauti ya kusikika na wote, na Shiru akauliza kwa huruma nyingi kama mgeni amefika salama, na kama, kwa neema ya Mungu, lile jambo la mama limepata suluhisho.

"Limepata, Shiru," alisema Gakii. "Mama anabaki, na kaburi linabaki. Tena nimeamua. Na mimi nitachukua langu, hapo kando yake."

Shiru akasema Mungu awabariki, akakata.

Kiplagat alimtazama mama yake. Cheruiyot alimtazama mkewe. Kogo Tabutany alimtazama Gakii kwa muda, midomo ikimcheza, akavuta pembe ya leso akafuta jicho moja, kisha la pili.

"Lakini wewe unakoroma," alisema.

Gakii alicheka mpaka ikabidi akae chini pale pale mlangoni, na Kiplagat, funguo za gari bado mkononi, akavua koti akauliza kama ile chai ingalipo.